Kilichomtoa Bill Radovich Uwanjani

Rekodi ya Bill Radovich katika futiboli ya Kimarekani ina misimu saba tu: mitano Detroit Lions, miwili Los Angeles Dons. Mtu akiisoma harakaharaka atadhani goti lilimsaliti, kwa sababu wachezaji wa mstari wa mbele huchakaa mapema. Radovich alicheza nafasi ya gadi. Gadi hakimbii na mpira wala haurushi. Kazi yake ni kumsukuma mpinzani ili mwenzake apate njia, na zama zile mchezaji huyohuyo alibaki uwanjani kulinda timu yake iliposhambuliwa. Hata hivyo, si mwili uliomtoa mchezoni. Alitolewa na makubaliano ya waajiri.

Alijiunga na Lions mwaka 1938, akacheza misimu minne, akaenda kutumika katika jeshi la majini, kisha akarejea kwa msimu wa 1945. Mwaka 1946 baba yake alikuwa mgonjwa, naye, ili awe karibu naye, akaomba ahamishiwe klabu ya ligi hiyohiyo ya NFL iliyokuwa Los Angeles. Lions wakakataa. Radovich akauvunja mkataba, akaenda kuchezea Dons katika ligi pinzani iliyoanza kucheza mwaka huo. Mwaka 1948 San Francisco Clippers, klabu ya ligi ndogo iliyoshirikiana na NFL, walitaka kumwajiri awe mchezaji na kocha. NFL ikawaarifu kwamba jina lake limo katika orodha ya waliopigwa marufuku, na klabu itakayomchukua itaadhibiwa vikali. Clippers wakamwacha.

Wako watakaosema aliyataka mwenyewe, kwani mkataba ni ahadi. Ahadi aliivunja kweli. Lakini anayevunja mkataba hushtakiwa na aliyeingia naye mkataba, akadaiwa fidia. Clippers hawakuwa na ugomvi wowote naye. Hapa klabu zote ziliungana kumfungia mtu mmoja riziki yake, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha jambo lote. Wengine watasema alikwisha vuka miaka 30, hivyo hakupoteza kikubwa. Wanasahau kwamba kazi aliyonyimwa ilikuwa na ukocha ndani yake: marufuku ilimnyang'anya hata matumizi ya ujuzi wake, nao hauchakai kama goti.

Hoja nzito zaidi ni kwamba bila kuwafunga wachezaji, klabu tajiri zingekusanya vipaji vyote. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Ila kutafuta uwiano kati ya timu hakuhitaji kumzuia mtu kufanya kazi hata katika ligi nyingine. Marufuku ya namna hiyo huwalinda wenye klabu dhidi ya washindani wao.

Radovich aliishtaki NFL. Mahakama mbili za chini ziliitupa kesi yake, zikiegemea kinga dhidi ya sheria za ushindani ambayo besiboli ilikuwa imepewa tangu 1922. Februari 1957 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura sita dhidi ya tatu, iliamua kwamba kinga hiyo ni ya besiboli peke yake, na kwamba futiboli iko chini ya sheria zinazokataza waajiri kula njama dhidi ya ushindani. Mwaka huohuo kamishna wa NFL, Bert Bell, alikitambua chama cha wachezaji kilichoundwa mwaka uliotangulia. Ilikuwa imepita miaka tisa tangu Clippers wamkatae Radovich.