Umeme Haukamuliwi Kutoka Majini

Wako wanakisomo wanaotuuliza: maji yakishatolewa umeme, yanafaa tena kumwagilia shamba? Je, hayabaki maji makapi? Swali hili ni zuri. Umeme wa mto Malagarasi, kutoka maporomoko ya Igamba huko Uvinza, umepangwa kuletwa hapa hapa Kidahwe. Ni vizuri tujue unavyopatikana.

Umeme haumo ndani ya maji. Kazi ya maji ni kusukuma tu.

Tazama dainamo ya baiskeli. Gurudumu likizunguka, dainamo nayo inazunguka na taa inawaka. Ukisimama, giza. Ndani yake mna sumaku, na waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Sumaku ikizunguka karibu na waya, umeme unapita katika waya. Basi, ni hivyo tu! Kituo cha umeme ni dainamo kubwa sana, na badala ya miguu ya mtu, maji ndiyo yanayokanyaga pedali.

Sasa tuyafuate maji. Kwanza mto huzuiwa kwa ukuta. Pale Mtera ukuta umefanya bwawa kubwa la akiba. Kwingine ukuta ni mfupi, unageuza maji tu yaingie mferejini. Mlangoni huwekwa wavu wa vyuma, uzuie magogo na takataka. Kisha maji huteremka kwa kasi katika bomba nene. Yakiwa mengi, na yakianguka kutoka juu zaidi, nguvu inazidi. Huko chini yanapiga mapanga ya gurudumu la chuma liitwalo turbaini. Turbaini imeungwa kwa shafti na jenereta, yaani ile dainamo kubwa. Igamba imepangiwa mashine 3 za kutoa megawati 49.5.

Maji yakishapiga mapanga hurudi mtoni, ni yale yale. Mwagilia bila wasiwasi. (Samaki ni habari nyingine, maana ukuta unaweza kuwazuia kupanda mto.)

Umeme ukisafiri mbali hupotea njiani kwa kupasha waya moto. Kwa hiyo transfoma huuongezea msukumo kwanza. Njia ya kutoka Malagarasi hadi Kidahwe ni ya volti 132,000. Nyumbani tunatumia volti 230. Ndiyo sababu panahitajika kituo cha kupoza umeme. Usipande nguzo zake, wala usichome moto chini ya nyaya. Umeme wa nguvu hiyo unaweza kuruka na kukuua kabla hujagusa waya.

Mashine hizi zina maadui wawili. Mmoja ni ukame. Mwaka 2006 maji ya Mtera yalipungua mno, nchi ikaingia katika mgao wa umeme. Wa pili ni mchanga. Mtu akilima hadi ukingoni mwa mto, mvua husomba udongo, na mchanga ule husaga mapanga ya turbaini kama msasa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mita 60 ni kama hatua 80 za mtu mzima. Zihesabu shambani kwako.