Picha nzuri ya magofu huanzia kwa jua

Watalii wengi wanaofika Shella, mtaa mkongwe wa mji wa Malindi, hupiga picha makaburi ya nguzo yaliyo kando ya Msikiti wa Juma saa sita mchana, kisha hushangaa kuona nguzo imetoka nyeupe isiyo na umbo. Kosa huwa si la kamera, bali ni la saa.

Nguzo hizo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na kupakwa chokaa. Jua la utosini huimeza mikwaruzo yote. Asubuhi, jua linapochomoza baharini, mwanga hupita ubavuni mwa ukuta, na kila ufa na kila nakshi hutupa kivuli chake. Alasiri huangaza upande wa pili.

Anayesimama chini ya nguzo na kuielekeza kamera juu huifanya ionekane inaanguka. Heri arudi nyuma, aishike kamera wima, na aweke kando ya ukuta kijiti chenye vipimo ili ukubwa ujulikane. Tarehe na upande uliopigwa viandikwe siku hiyo hiyo.

Hayo yana uzito kwa sababu matumbawe huliwa na chumvi, mvua na mizizi ya miti. Mwaka 1850, Mfaransa Maxime Du Camp alipiga picha hekalu la Abu Simbel nchini Misri likiwa limefukiwa nusu na mchanga. Katika miaka ya 1960 hekalu hilo lilikatwa vipande na kuhamishiwa juu ili lisimezwe na maji ya bwawa la Aswan. Mahali lilipokuwa pamebaki katika picha tu.

Gede, kusini mwa Malindi, ilitangazwa eneo la kihistoria mwaka 1927 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2024. Makaburi ya Shella hayana umaarufu huo, hivyo picha zinazopigwa mahali pale pale kila mwaka ndizo zitakazoonyesha ufa uliopanuka, mafundi wapate kuuziba mapema.

Hata hivyo, hapo ni makaburi na jirani yake ni nyumba ya ibada. Mpiga picha hana budi kuomba ruhusa kwa wazee wa msikiti, kuvaa kwa heshima, kujiepusha na saa za sala, na kutopanda wala kuegemea ukuta. Jiwe likimeguka, picha haiwezi kulirudisha.