Mdomo wa kuvutia

Nilikwenda Ngara kuandika habari za malori. Foleni ya magari ya mizigo yanayosubiri kuvuka Rusumo ilikuwa imeshanijazia daftari, na jioni hiyo sikuwa na kazi nyingine ila kungoja usafiri wa asubuhi. Mwenyeji wangu akanichukua hadi kwa jirani yake kwenye posa, katika kijiji kimoja kando ya barabara ya Kabanga. Chungu cha pombe ya mtama kilikuwa katikati, mirija imechomekwa, wazee wamekizunguka. Mmoja wao alikuwa akivuta huku amefumba macho. Alivuta polepole kama mtu anayepima kitu, akaachia, akagusa mdomo wa juu kwa kidole, akavuta tena. Chini ya pua, upande wa kushoto, alikuwa na kovu jembamba kama uzi. Wenzake karibu wote walifuga masharubu. Yeye alikuwa amenyoa, kweupe kabisa.

Habari za malori zikanitoka kichwani.

“Alizaliwa na mdomo sungura,” mwenyeji akaninong'oneza. “Wamemshona juzi juzi tu, ameshakuwa na wajukuu.”

Kesho yake sikupanda gari. Nilielekezwa kwa muuguzi mstaafu aliyetumikia vyumba vya upasuaji vya hospitali za misheni, Ngara na Biharamulo, kwa muda mrefu wa maisha yake. Alinikaribisha uani, akiwa anachambua maharage kwenye ungo, na hakuuacha ungo ule hadi tunaagana.

“Mwanangu, wewe unaniuliza kwa nini alichelewa,” alisema. “Wageni wote huuliza hivyo. Mimi niliacha kuuliza kwa nini mtu hakuja jana. Nauliza kwa nini amekuja leo.”

Kalenda ya madaktari anaijua kwa moyo. Mtoto afikishe wiki 10, uzito wa ratili 10, yaani kilo nne na nusu, na damu isipungue 10. Hapo mdomo unashonwa. Kama kaakaa nalo limepasuka, lishughulikiwe kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja na nusu, maneno yasije yakazoea kutokea puani. Inakadiriwa kwamba duniani mtoto mmoja katika kila 700 huzaliwa na mpasuko wa mdomo au kaakaa, na wa mdomo hupenda zaidi upande wa kushoto. Kwa nini kushoto? Muuguzi alicheka. Bibi yake alimwambia ni kwa sababu mama mjamzito alimcheka sungura. Madaktari walimwambia maneno marefu zaidi, naye hakuona kama yalijibu swali.

Lakini watu wana kalenda yao. Mvua zikikatika na maharage yakishauzwa, kuanzia Juni hivi, ndipo nauli inapopatikana na barabara za vijijini zinapopitika. Kuna mama anayemleta mtoto wa miaka sita wiki mbili kabla ya kuanza darasa la kwanza, baada ya kumficha kwenye kanga miaka yote hiyo. Kuna kijana aliyekuja siku chache baada ya kupigwa picha ya kitambulisho cha taifa. Maisha yake yote alikuwa hajawahi kujiona akiwa ametulia. Na kuna wachumba. “Msichana akija peke yake, bila mama, bila shangazi,” alisema muuguzi, “najua kuna barua imeandikwa.”

Kisha akanisimulia habari ya yule mzee, na hapo ungo ukatulia kidogo mapajani.

Mzee alifika siku ambayo daktari mgeni wa upasuaji rekebishi alikuwa amekuja kutoka mjini. Karani wa mapokezi alimuuliza shida yake, akaandika alichoambiwa, neno kwa neno: anataka mdomo wa kuvutia. Daktari alisoma karatasi, akamtazama mzee mwenye mvi na kandambili, akatabasamu. Akamwambia kwa upole kwamba siku hiyo watoto ni wengi, na urembo unaweza kungoja.

“Mzee hakukasirika,” muuguzi alisema. “Alisema, ‘Mwanangu, wa kuvutia mrija.’”

Alikuwa na mabinti watatu. Wawili wa kwanza, mdogo wake ndiye aliyekaa kwenye chungu kupokea wakwe. Yeye alijidai mgonjwa, akalala ndani akisikiliza mahari yakijadiliwa nyuma ya ukuta. Alijaribu mrija nyumbani, peke yake, kwenye pembe ya mdomo. Upepo ulipita kwenye ufa na pombe ikamwagikia kifuani. Sasa kitindamimba alikuwa amechumbiwa, na mdogo wake alikuwa amefariki. Posa ilikuwa imebakiza mwezi mmoja na nusu.

Daktari aliosha mikono.

Mtu mzima hushonwa kwa ganzi tu, kwa hiyo mzee alikuwa macho muda wote. Kwanza daktari huweka nukta za wino wa bluu kwenye kingo za mdomo, kabla ya sindano, kwa sababu ganzi ikishaingia nyama huvimba na mpaka kati ya ngozi na wekundu wa mdomo hupotea. Mpaka ule ukipishana hata kwa milimita moja, kila atakayezungumza nawe ataona. Lakini kazi kubwa iko chini ya ngozi. Kuna msuli unaozunguka kinywa kama kamba ya mdomo wa gunia. Kwa aliyezaliwa na ufa, ncha za kamba hiyo hazikukutana. Zimepanda juu na kujishika karibu na pua. Ni lazima zichomolewe huko, zishushwe, ziunganishwe. Ukishona ngozi peke yake, uso utapendeza kwenye picha, ila siku mtu akijaribu kupiga mluzi, au kuvuta mrija, patafumuka kivimbe na upepo utapita.

“Ngozi tunawashonea watu wanaomtazama,” alisema muuguzi. “Msuli tunamshonea mwenyewe.”

Nikamweleza habari za Dar es Salaam, ambako tangu mwaka 2023 hospitali ya Mloganzila inapokea wanaotaka kupunguza tumbo na matiti au kuongeza makalio. Nilidhani atasonya. Akauliza wanalala wodini siku ngapi, na nani huwapikia.

Mstari kati ya urembo na tiba hapa kwetu haujawahi kunyooka. Watatu walioanzisha huduma ya madaktari warukao kwa ndege mwaka 1957, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, wote walikuwa wa upasuaji wa plastiki. McIndoe alikuwa ametengeneza nyuso za marubani walioungua vitani. Rees alikuja kupata jina New York kwa kuvuta ngozi za matajiri. Na muuguzi wangu alijifunza kushona nyuso mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipofurika na kambi ya Benaco ikageuka mji. Alishona majeraha ya panga. Kuhusu mwaka huo alisema hayo tu, akarudia maharage.

Si wote wanaofurahi. Mama mmoja wa Biharamulo aliletewa mtoto kutoka chumba cha upasuaji akasema siyo wake. Kicheko chake kile kipana kiko wapi? Alilia siku mbili. Na yuko msichana ambaye mchumba wake alimfuata hadi wodini kumsihi asishonwe, eti yeye alimpenda vile vile alivyo. Msichana alishonwa. Waliachana kabla ya nyuzi kutolewa, yaani ndani ya wiki. Muuguzi hajui nani alimwacha mwenzake.

Nilibaki na swali la masharubu. Wanaume wakishapona, alisema, wengi hufuga ili kuficha, ingawa nywele hazioti juu ya kovu na sharubu hubaki na kichochoro katikati. Sasa yule mzee ananyoa kwa nini?

“Hilo muulize mwenyewe.”

Asubuhi iliyofuata nilimwona kupitia dirisha la gari. Alikuwa kwa kinyozi, kwenye kiti chini ya mwembe, shingo ameilaza nyuma, povu juu ya mdomo ulionyolewa siku mbili tu zilizopita. Dereva alikuwa ameshawasha injini.