Hasira na Kinyongo kwa Watu Wenye Usonji: Ufafanuzi wa Dhana kwa Kurejelea Mazingira ya Njiro, Arusha

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua tofauti baina ya hasira na kinyongo kwa watu wenye usonji, kwa kurejelea mazingira ya Njiro, jijini Arusha. Hasira ni hisia inayowaka na kuzimika. Kinyongo ni hasira iliyofichwa na kutunzwa moyoni. Ndiyo maana husemwa kuwa mtu "ameweka" kinyongo. Kitenzi hicho kina hukumu ndani yake, kwa kuwa aliyeweka angeweza kuondoa. Hoja ya makala haya ni kwamba mengi yanayoitwa kinyongo kwa mtu mwenye usonji hayana sifa hiyo, na kwamba kuyaita hivyo humdhuru.

2.0 Chimbuko la Hasira

Usonji, ambao Leo Kanner aliueleza kitabibu mwaka 1943, ni tofauti ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano, mahusiano na mazoea. Vigezo vya DSM-5 vya mwaka 2013 viliongeza suala la hisi: sauti, mwanga au mguso huweza kupokewa kwa ukali kupita kiasi. Kwa mkazi wa Njiro, vipaza sauti vya maonesho ya Nane Nane katika viwanja vya Themi, honi za bodaboda na mngurumo wa jenereta umeme unapokatika ni mzigo unaolundikana. Mlipuko wa jioni unaweza kuwa na chanzo chake asubuhi, na tukio la mwisho, hata likiwa dogo, ndilo huonekana kuwa sababu.

Aidha, wapo wanaopata ugumu wa kutambua na kutaja hisia zao, hali ambayo Peter Sifneos aliiita aleksithimia katika miaka ya 1970. Mapitio ya tafiti ya Kinnaird na wenzake (2019) yalionesha kuwa hali hiyo huwapata takriban nusu ya watu wenye usonji, ikilinganishwa na asilimia 5 hivi ya wasio na usonji. Mtu huyo huhisi moyo ukienda mbio, lakini hajui kama ni woga, njaa au hasira. Hivyo, hawezi kuomba msaada mapema.

3.0 Tukio Lisilofungwa

Tuchukue mfano wa kubuni wa mwanafunzi aliyeahidiwa kiti cha dirishani, kisha akapewa mwenzake. Mwezi mmoja baadaye bado anauliza, kwa maneno yaleyale, kwa nini ahadi ilivunjwa. Walimu husema ana kinyongo. Hata hivyo, mwenye kinyongo huficha, ilhali mwanafunzi huyu hutamka waziwazi. Mwenye kinyongo hutafuta kisasi, naye hutafuta maelezo. Analicheua tukio akilini kwa sababu halijapata mantiki. Hii haimaanishi kuwa mtu mwenye usonji hawezi kuwa na kinyongo. Ina maana kwamba kinyongo kithibitishwe, kisidhaniwe.

Tofauti hii ina uzito wa kivitendo. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne shuleni kwa makosa makubwa ya nidhamu. Mtoto anayehesabiwa mkaidi yumo hatarini kuadhibiwa kwa namna ubongo wake unavyofanya kazi, na adhabu hiyo humwongezea tukio jingine lisilofungwa.

4.0 Usuluhishi

Desturi ya kuwaambia wagombanao "peaneni mikono, yamekwisha" hudai hisia zitulie papo hapo. Mazingira ya Mlima Meru yana mfano bora zaidi. P. H. Gulliver (1963) alieleza jinsi Waarusha walivyomaliza migogoro kwa mazungumzo hadi kufikia mwafaka, kila upande ukiwa na watu wa kuusemea. Utaratibu huo hutoa mambo mawili anayoyahitaji mtu mwenye usonji: muda, na msemaji wa kumsaidia pale maneno yanapokosekana. Unaafikiana pia na hoja ya Damian Milton (2012) kwamba kutoelewana baina ya wenye usonji na wasio nao ni kwa pande mbili.

5.0 Hitimisho

Kwa mzazi au mwalimu, hatua tatu zinafuata: kupunguza mzigo wa hisi kwanza, kusubiri mwili utulie, kisha kueleza bayana kilichotokea na kitakachobadilika. Iwapo baada ya maelezo hayo mtu bado anatafuta kulipiza, hapo ndipo neno kinyongo linaweza kutumika.