Sura ya Saba: Kugeuza Klipu ya Video Kuwa Picha ya Wasifu Itikisikayo

Mwaka 1832 mtaalamu wa Ubelgiji, Joseph Plateau, alitengeneza duara la karatasi ngumu, akachora kulizunguka picha kadhaa za mchezaji mmoja wa ngoma, kila moja ikihitilafiana na jirani yake kwa mwendo mdogo tu, akakata vipenyo baina yake; na mtu aliyelizungusha duara hilo mbele ya kioo, akachungulia kupitia vipenyo vile, alimwona mchezaji akijipindua pasi na kukoma. Nimelitaja duara hilo kwa kuwa picha ndogo itikisikayo, ile ambayo watu huiweka kando ya majina yao katika mitandao na kuiita avata, imelikaribia zaidi kuliko ilivyoikaribia sinema. Sinema ina mwanzo na hatima, ilhali duara la Plateau halina. Lina picha chache katika nafasi finyu, na ile ya mwisho haina budi kuipisha ya kwanza bila mtazamaji kung'amua kwamba mzunguko umekamilika. Mtu achukuaye klipu ya video na kutaka kuifanya avata huyo anatoka katika ada ya sinema na kuingia katika ada ya duara, na aghalabu kazi yake huharibika kwa sababu hajatanabahi kwamba amehama.

Chombo kinachotumika sana kwa kazi hii hata leo, ijapokuwa mitindo mipya yenye uwezo mkubwa zaidi imekwisha kuzuka, ni faili la GIF, lililotolewa mwaka 1987 na kampuni ya CompuServe ya Marekani, ambako Steve Wilhite na wenziwe walikuwa wakitafuta njia ya kupitisha picha za rangi katika nyaya za simu za zama zile, zilizokuwa za pole mno. Na dhiki ya nyaya hizo imebaki katika tabia ya faili hilo mpaka sasa. Fremu moja hairuhusiwi kuwa na rangi zaidi ya 256, ilhali video ya kawaida huchagua miongoni mwa rangi zaidi ya milioni 16. Sauti haimo kabisa. Na muda wa kila fremu kukaa machoni, jambo lililotiwa mwaka 1989 pamoja na uwezo wa nukta kuwa wazi na kuonyesha kilicho chini yake, huhesabiwa kwa sehemu za mia za sekunde. Ama amri ya kujirudia milele, hiyo haikutoka CompuServe. Iliongezwa na watengenezaji wa kivinjari cha Netscape katikati ya miaka ya 1990, na jina la kivinjari hicho, ambacho kimekwisha kufa zamani, lingali limeandikwa ndani ya faili zinazojirudia.

Sasa natupige hisabu. Klipu yenye upana wa nukta 640 na kimo cha nukta 480 ina nukta 307,200 katika kila fremu, na avata ya nukta 100 kwa 100 ina 10,000 tu. Kila nukta ya GIF, kabla ya kubanwa, huchukua baiti moja, kwa hiyo sekunde tatu za video yenye fremu 25 kwa sekunde hutoa fremu 75 na baiti 750,000, mzigo mkubwa mno kwa kitu kisichozidi ukubwa wa ukucha wa dole gumba, tena kinachopakuliwa na kila mtu apitaye. Lakini mtu akiridhika na sekunde moja na nusu, kwa fremu 10 kwa sekunde, amebakiwa na fremu 15 na baiti 150,000, na hapo kubana hakujaanza.

Basi la kwanza ni kuchagua kipande, nami naona kwamba hapa ndipo kazi nzima inapofaulu au kuanguka, kwa kuwa hakuna programu iwezayo kuokoa kipande kibaya. Kinachotakiwa ni tendo dogo linalorudi lilikotoka: kope kufumba na kufumbua, tabasamu kuchanua na kutulia, kichwa kuitikia. Mwenye subira huipitia klipu fremu kwa fremu, akitafuta mbili zinazofanana, moja mwanzoni na nyingine mwishoni, akakata baina yake; na asipozipata, hukimbilia hila ya kuzipanga fremu ziende mbele kisha zirudi nyuma. Hila hiyo hukubali kwa kichwa kinachogeuka, lakini haikubali kwa kila jambo: chai ikimiminwa kikombeni kisha ikapanda kurudi ndani ya birika, mtazamaji hucheka, wala si kwa sababu mwenye picha alitaka achekwe.

La pili ni kukata pembe, na hapo huruma haina nafasi. Uso uliojaa vizuri katika video kubwa huwa kama tundu la sindano katika nukta 100, hivyo mabega yaondoke, mikono iondoke, na jamaa aliyesimama kando aondoke pia, hata akiwa ndiye aliyeirekodi klipu ya kwanza. Zaidi ya hayo itazamwe ile sehemu iliyo nyuma ya uso. Mtu aliyejirekodi Forodhani, Unguja, bahari ikimeremeta mgongoni pake, ana picha nzuri sana ya kuwaonyesha nduguze na picha mbaya sana ya kufanyia avata, kwa maana maji hayo hubadilika kila nukta katika kila fremu. Na mwenziwe aliyesimama mbele ya ukuta mtupu, simu ikiwa imeegemezwa mahali imara, atapata faili jepesi zaidi kwa uso uo huo na tabasamu lilo hilo.

Sababu yake imo katika jinsi faili linavyobanwa. GIF hutumia kanuni iliyoasisiwa na Abraham Lempel na Jacob Ziv, kisha ikarekebishwa na Terry Welch mwaka 1984, ambayo huzisoma nukta safu kwa safu, ikijiundia kamusi ya mafungu iliyokwisha kuyaona, hata fungu likitokea tena huandikwa namba yake tu badala ya fungu zima. Ukuta wa rangi moja hujaza kamusi hiyo mafungu marefu yanayojirudia, bahari haijirudii. Tena programu nzuri huilinganisha kila fremu na iliyoitangulia, na nukta ambazo hazikubadilika huzifanya wazi, ili picha ya awali iendelee kuonekana. Lakini mkono wa mshika simu ukitetemeka kidogo tu, kila nukta imehama, na iktisadi hiyo yote imepotea. Kanuni ya Welch, niseme kwa kupita, ilikuwa na hataza iliyomilikiwa na kampuni ya Unisys, ambayo mwishoni mwa mwaka 1994 ilitangaza kudai ada, na ghadhabu iliyozuka ndiyo iliyozaa mtindo wa picha wa PNG. Hataza hiyo ilikwisha muda wake Marekani mwaka 2003.

Linabaki jambo la rangi, ambalo ndilo lenye utamu zaidi. Kuzichuja rangi za video ziwe 256 ni kazi ya kanuni, na mojawapo iliyo mashuhuri ilielezwa na Paul Heckbert mwaka 1982: rangi zote hutiwa katika sanduku moja, sanduku hukatwa mahali ambapo nusu ya nukta zipo upande huu na nusu upande wa pili, kisha kila kipande hukatwa vivyo hivyo hata vipatikane vipande 256, na kila kipande hutoa rangi moja. Kanuni kama hiyo hutazama wingi wa nukta. Haijui uso ni nini. Anga jeupe likichukua nusu ya picha hupewa fungu kubwa la rangi, na uso mweusi uliomo kivulini, wenye tofauti laini za hudhurungi shavuni na chini ya macho, huachiwa makombo, ukatoka umepwaya kama uliopakwa rangi mbili tatu. Watu wetu hulalamika kwamba kamera imewaharibu, kumbe rangi zilihesabiwa kabla ya anga kukatwa. Na dawa yake ni kukata na kupunguza kwanza, kisha kuchagua rangi.

Rangi zikiwa chache, jicho hudanganywa kwa kuchanganya nukta za rangi mbalimbali, mfano wa msusi wa mkeka ambaye kwa ukili wa rangi tatu humfanya mtu aliye mbali aone rangi ya nne. Robert Floyd na Louis Steinberg, katika makala ya mwaka 1976, walionyesha namna ya kulichukua kosa la kila nukta na kuwagawia majirani zake, na matokeo kwa picha iliyotulia hupendeza mno. Kwa picha itikisikayo nashauri hadhari: tofauti ndogo baina ya fremu mbili hulitawanya kosa kwa njia nyingine, na ukuta uliotulia huanza kuchemka kama uliojaa sisimizi, tena faili likazidi uzito. Utaratibu wa kale zaidi, wa Bryce Bayer wa mwaka 1973, ambao hufuata ruwaza isiyobadilika, huonekana mkavu kidogo lakini hukaa mahali pake.

Mintarafu ya mwendo, fremu 30 kwa sekunde hazigawanyiki sawasawa katika sehemu za mia, basi ni afadhali kuchagua muda wa sehemu 8 au 10. Wapo wanaoandika sifuri au moja wakitaraji wepesi wa ajabu, wakapata kinyume chake, kwani vivinjari vingi vikiona namba hizo huzigeuza kuwa 10. Wala picha isimemeteke zaidi ya mara tatu kwa sekunde, kwa ajili ya wenye kifafa. Desemba 1997, nchini Japani, mimemeteko katika kipindi kimoja cha katuni za Pokémon iliwapeleka hospitali mamia ya watoto.

Zana zenyewe hazina haja ya maelezo marefu. GIMP, ambayo haiuzwi, huichukua kila fremu kama tabaka. Na FFmpeg, kwa asiyeogopa kuandika amri, hupita juu ya klipu mara mbili, kwanza kukusanya rangi, kisha kuzitumia. Kabla ya kuhifadhi, itazamwe tena fremu ya kwanza peke yake, kwa kuwa mahali pengi picha ikishapokewa hunyang'anywa mwendo wake na kubaki fremu hiyo tu; na klipu iliyokatwa katikati ya kufumba jicho humwonyesha mwenyewe amesinzia, mwaka mzima, kando ya kila neno aliloliandika.