Masta Silinda ya Pikapu ya Umeme: Breki Inayougua Kimya

Umesimama kwenye taa, mguu uko juu ya pedeli ya breki. Taratibu unahisi pedeli inazama, inakwenda, mpaka inakaribia sakafu. Ukiiachia na kuikanyaga tena, inapanda. Unachungulia uvunguni: hakuna tone. Unafungua boneti: kikopo cha mafuta ya breki kimejaa hadi kwenye alama. Wengi wakifika hapo hufunga boneti na kuendelea na safari, kwa kuwa mafuta yapo na gari bado linasimama. Hilo ni kosa la hatari. Pedeli ikizama na mafuta hayapungui, karibu kila mara ugonjwa ni mmoja: raba za ndani ya masta silinda zimekwisha.

Kwenye pikapu ya umeme ugonjwa huu huchelewa kujulikana. Dereva wa pikapu ya dizeli hukanyaga breki mara nyingi kwa siku, hivyo mguu wake humwambia mapema kwamba kuna tatizo. Dereva wa pikapu ya umeme akiinua tu mguu kwenye akselereta, mota hugeuka kuwa jenereta, hurudisha umeme kwenye betri na kupunguza mwendo; hiyo ndiyo breki ya mota. Breki ya mafuta hubaki na kazi ndogo ya kumalizia. Siku inapotakiwa kufanya kazi yote peke yake, ndipo udhaifu wake unapojitokeza, na kwa kawaida siku hiyo huwa ya dharura.

Kazi ya masta silinda

Masta silinda ni bomba la sindano lenye pistoni mbili zilizopangana. Ukikanyaga pedeli, pistoni husukuma mafuta kwenye mabomba hadi magurudumuni. Mafuta hayashindiliki, kwa hiyo shinikizo hufika kote kwa kiwango kilekile. Pistoni ni mbili ili mabomba yakipasuka upande mmoja, upande wa pili uendelee kusimamisha gari. Marekani iliufanya mpangilio huo kuwa lazima kwa magari mapya ya abiria kuanzia 1968, na leo ndio wa kawaida duniani kote.

Tuchukue hesabu rahisi. Mguu unasukuma kwa uzito wa kilo 25. Wenzo wa pedeli unazidisha mara nne, zinakuwa kilo 100. Masta silinda yenye kipenyo cha inchi 1 ina eneo la sentimita za mraba 5 hivi, kwa hiyo shinikizo ni kilo 20 kwa kila sentimita ya mraba. Hizo hazitoshi kusimamisha pikapu yenye mzigo. Ndiyo maana ipo buusta, lile pipa bapa jeusi lililo nyuma ya masta silinda, ambalo huongeza nguvu ya mguu mara kadhaa.

Hapa ndipo pikapu ya umeme inapoachana na nyingine. Injini ya petroli hutengeneza vakyumu yenyewe inapovuta hewa, na buusta huitumia. Injini ya dizeli haina vakyumu ya kutosha, hivyo hufungwa pampu. Kwenye Hilux nyingi za dizeli za zamani, pampu hiyo hukaa mgongoni mwa alternata. Ukiing'oa injini ili ufunge mota, pampu nayo imeondoka. Kazi ya kugeuza magari ya dizeli kuwa ya umeme si ngeni kwetu: kampuni ya Opibus ya Nairobi, iliyoanzishwa 2017 na kubadili jina kuwa Roam mwaka 2022, ilijulikana mapema kwa kuzigeuza Land Cruiser za watalii. Gari la namna hiyo likibaki na buusta ya vakyumu, hufungwa pampu ndogo ya umeme yenye swichi inayoiwasha vakyumu inapopungua. Pikapu zilizozaliwa za umeme, kama Rivian R1T iliyotoka 2021 na Ford F-150 Lightning iliyofuata 2022, hazina haja ya vakyumu. Nguvu ya ziada hutoka kwenye mota ndogo inayoongozwa na kompyuta.

Tambua ugonjwa kabla ya kununua spea

Masta silinda nyingi hubadilishwa bila kosa lolote, na ugonjwa wenyewe ukabaki ndani ya gari. Mguu wako ukijua kutofautisha hali tatu, utaokoa fedha.

Pedeli ikiwa ngumu kama jiwe na gari likasimama kwa shida, masta silinda haina hatia. Buusta imekosa vakyumu, au pampu yake imekufa. Zima gari, kanyaga pedeli mara kadhaa mpaka iwe ngumu, kisha ishikilie na uwashe. Pampu ikilia na pedeli ikashuka kidogo chini ya mguu, buusta ni nzima. Na ukisikia pampu inawaka kila baada ya muda mfupi hali hujagusa breki, kuna mahali vakyumu inavuja.

Pedeli ikiwa laini, inayobonyea kama sponji na kupanda ukiipampu, kuna upepo kwenye mabomba. Tafuta ulikoingilia.

Pedeli inayozama polepole ndiyo ya masta silinda. Ipime kwa kukanyaga kidogo na kwa utulivu, usikanyage kwa nguvu zote, kwa sababu shinikizo kubwa huweza kuibana raba iliyochoka ikaziba kwa muda, na ugonjwa ukajificha. Shikilia kwa sekunde 30. Pedeli nzima haisogei.

Kuna dalili moja zaidi ambayo hujificha. Mafuta yakipungua kwenye kikopo na nje kote ni pakavu, fungua nati mbili za masta silinda uisogeze mbele bila kukunja mabomba. Ukikuta unyevu kwenye uso wa buusta, raba ya nyuma imevujisha na mafuta yanaingia ndani ya buusta, ambako yataharibu mpira wake mkubwa. Hapo huenda utalazimika kubadilisha vyote viwili.

Umeme kwanza, spana baadaye

Kabla ya kugusa chochote, zima gari na utenganishe betri ya volti 12. Baadhi ya magari yenye breki za kompyuta huamka mtu akifungua mlango tu na kutengeneza shinikizo kwenye mabomba fundi akiwa na mikono humo. Kisha chomoa plagi ya usalama ya betri kubwa, subiri kwa muda uliotajwa na mtengenezaji ili kapasita zijimwage, na uhakikishe kwa mita kwamba hakuna volti. Kazi hiyo ni ya fundi aliyefundishwa, mwenye glavu za mpira zilizopimwa kwa umeme huo. Nyaya za rangi ya machungwa si za kujaribia bahati.

Mafuta ya breki yenyewe nayo ni adui hapa. Hula rangi ya gari na hunyonya maji kutoka hewani. Yakidondokea plagi za umeme au kontrola iliyofungwa chini ya masta silinda, utakuwa umetengeneza tatizo la pili. Nyonya mafuta ya kikopo kwa bomba la sindano, funika vilivyo chini kwa plastiki na matambara, kisha ndipo ufungue nati za mabomba. Tumia spana maalumu ya nati za mabomba, inayozishika karibu pande zote. Spana ya kawaida huzila kona, na nati ikishakuwa duara utalazimika kutengeneza bomba jipya.

Spea ilingane na ya zamani

Pikapu iliyogeuzwa huwa imeongezewa uzito wa betri, na watu hushawishika kufunga masta silinda kubwa wakidhani itashika zaidi. Hesabu inasema kinyume. Ukitoka inchi 1 kwenda inchi 1 na moja ya nane, eneo la pistoni linaongezeka kwa zaidi ya robo, na shinikizo kwa mguu uleule linashuka kwa takriban moja ya tano. Pedeli itakuwa fupi na ngumu, itakudanganya kwamba breki ni kali, ilhali gari litachelewa kusimama. Linganisha kipenyo kilichochapwa ubavuni, idadi ya matundu, uzi wa nati na kina cha shimo la pistoni. Uzito ukizidi uwezo wa breki, tatua kwenye magurudumu: diski, kalipa na pedi.

Masta silinda ya mtumba haifai. Raba zilizokaa kavu kwenye rafu hukauka na kupasuka, hata mwili wake uking'aa.

Nafasi ya milimita moja

Kati ya fimbo ya buusta na pistoni ya masta silinda huwa kuna nafasi ndogo sana, kwa kawaida chini ya milimita moja. Fimbo ikiwa ndefu kupita kiasi, pistoni hairudi mpaka mwisho na tundu dogo la kurudishia mafuta hubaki limezibwa. Mafuta yakipata moto yanatanuka, hayana pa kwenda, na breki zinajishika zenyewe barabarani. Kwenye pikapu ya umeme, breki inayoburuza hula pia kilomita ambazo betri ingekupa.

Njia ya kupima ni rahisi. Bandika kipande cha udongo laini wa kuchezea watoto, ukubwa wa punje ya njegere, kwenye ncha ya fimbo. Funga masta silinda kwa nati zake bila kukanyaga pedeli, kisha ifungue tena. Unene wa udongo uliobaki ndio nafasi uliyo nayo. Ilinganishe na kipimo cha mtengenezaji, rekebisha ncha ya fimbo, kisha safisha udongo wote usibaki hata chembe.

Kabla ya kuifunga moja kwa moja, ibane masta silinda mpya kwenye jiliwa kwa kushika sikio lake, kamwe si mwili wake. Jaza mafuta, unganisha mirija miwili kutoka matunduni irudi ndani ya kikopo, na usukume pistoni polepole kwa kijiti cha mbao butu. Mapovu yatatoka makubwa, kisha madogo, kisha yatakoma. Ukiiruka hatua hii, upepo utakaa humo ndani, nawe utatoa upepo magurudumuni siku nzima bila kupata pedeli.

Wakati wa kutoa upepo magurudumuni, fuata mpangilio wa mtengenezaji. Magari yenye ABS mara nyingi huhitaji mashine ya kusoma kompyuta ili kufungua vali za ndani, na yenye buusta ya umeme huweza kuhitaji kupangwa upya kwa mashine hiyohiyo. Kwenye baadhi ya magari mapya, masta silinda, buusta na ABS ni kitu kimoja, na hubadilishwa kwa pamoja.

Tumia mafuta yaliyoandikwa kwenye kifuniko. DOT 3 mapya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho huweza kushuka hadi 140. DOT 4 hutoka 230 hadi 155. DOT 5 ya silikoni haichanganywi na hayo. Mafuta ya usukani au ya injini yakiingia humo, raba zote za breki huvimba, na hutabadilisha masta silinda tu bali kila kitu.

Jaribio la mwisho

Kwanza pedeli ishikiliwe kwa sekunde 30, gari likiwa limezimwa na likiwa limewashwa. Kisha zima breki ya mota kama gari linaruhusu, na ujaribu breki ya mafuta peke yake uwanjani, kwa mwendo wa mtu anayetembea, halafu kilomita 20 kwa saa, halafu 40. Fundi akikujaribia gari huku mota inasaidia, hajapima kazi aliyoifanya.

Jaribio hilo lina sababu. Betri iliyojaa haina pa kuweka umeme mwingine, kwa hiyo gari hupunguza breki ya mota au huizima kabisa. Dereva aliyechaji hadi asilimia 100 Limuru na kushuka na mzigo kuelekea Mai Mahiu atateremka ukingo wa Bonde la Ufa kwa breki ya mafuta karibu peke yake, tena kwa muda mrefu na kwa joto kali. Raba zilizochoka na mafuta yenye maji huonyesha udhaifu wao kwenye mteremko wa namna hiyo.

Kwa hiyo jiwekee utaratibu: mara moja kila mwezi, zima breki ya mota na usimamishe gari kwa breki ya mafuta mahali salama. Badilisha mafuta ya breki kwa muda aliouweka mtengenezaji, ambao kwa magari mengi ni miaka miwili, hata kama pedi hazijalika. Na pedeli ikizama hata mara moja, usisubiri ya pili: liegeshe gari na umwite fundi.