Barua-Pepe Inapokataliwa: Kosa la Mwisho wa Mstari

Muhula mmoja, programu ya chuo iliyokuwa ikipeleka barua za mazoezi ya kufundisha ilianza kurudishiwa barua zake. Wanachuo kadhaa walifika katika shule walizopangiwa bila kutarajiwa na mtu. Sote tuliulaumu mtandao; kumbe kosa lilikuwa mwishoni mwa mstari.

Aliyewahi kutumia taipureta atakumbuka kwamba kuanza mstari mpya kulihitaji matendo mawili: kuirudisha karatasi mwanzo wa mstari, na kuisogeza juu. Kompyuta ilirithi matendo hayo kwa alama mbili zisizoonekana: namba 13, ya kurudi mwanzo, na namba 10, ya kushuka mstari. Kanuni ya kusafirisha barua-pepe ya mwaka 1982 yadai zote mbili, kwa utaratibu huo. Lakini mifumo ya jamii ya Unix, ikiwamo Linux, hutumia 10 peke yake. Programu isiyoongeza 13 wakati wa kutuma hupeleka barua yenye kasoro.

Mbona zamani zilipokelewa? Seva nyingi zilisamehe. Desemba 2023 ilidhihirishwa hatari ya msamaha huo. Barua huishia penye nukta iliyo peke yake katika mstari. Seva mbili zikitofautiana juu ya mwisho wa mstari, ya kwanza huona barua moja na ya pili huona mbili, moja ikiwa ya kughushi. Ndipo seva kadhaa zilipokazwa.

Mwalimu afuate hatua hizi:

1. Asome taarifa ya kukataliwa. Namba inayoanza na 4 ni kizuizi cha muda. Inayoanza na 5 ni katazo.

2. Atume barua fupi kwa programu ya kawaida, kwa anwani ile ile. Ikifika, anwani na mtandao ni salama.

3. Aifungue barua iliyokataliwa kwa programu ionyeshayo namba za alama, atafute 10 isiyotanguliwa na 13.

4. Arekebishe programu inayotuma, wala asiombe seva ipokeayo ilegezwe. Aongeze 13 pale tu inapokosekana, isije ikawa mbili.

Abadili jambo moja kwa wakati mmoja, kisha ajaribu tena. Ndivyo tusahihishavyo hesabu ya mtoto: hatuifuti yote, bali twatafuta hatua aliyoteleza.